Mikono ya Shemeji Juu ya Theluji

Chumbani kwetu, juu ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, saa nane mchana.

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wapwa zangu wote watatu, na huyo wa nne ambaye hujamtangazia mtu lakini mumeo ameshindwa kumficha. Natumai kichefuchefu kimepungua na miguu haivimbi kama ilivyokuwa kwa yule wa pili. Sisi huku tuko hai. Najua watu huandika tu kwamba ni wazima, lakini nimelifikiria neno hilo nikaona langu ndilo la kweli. Tuko hai wote wawili, na mumeo ana bega lililotoka mahali pake, wamelirudisha na kulifunga, na wanasema litapona baada ya wiki sita. Usishtuke. Kama umesimama, kaa chini. Mwambie mkubwa amalizie vyombo, nawe usome polepole, maana barua hii ni ndefu na mimi unanijua, sifiki kwenye jambo bila kuzunguka nyumba mara tatu.

Najua jana jioni mumeo alikupigia simu akakwambia ameteleza bafuni. Alipokuwa akisema hayo alinikanyaga mguu nisimwumbue, nami nikaitikia kwa nyuma kwamba ndiyo, bafu letu lina utelezi mbaya. Dada, bafu letu halina utelezi wowote. Ni saruji kavu kama biskuti, na maji yenyewe hutoka kwa kubembelezwa. Yeye alidanganya kwa ajili ya hali yako. Mimi nilimsaidia kudanganya kwa sababu nyingine. Ningeweza kukupigia simu leo na kukueleza, lakini najijua: ningesikia unavyohema, ningeanza kuuliza habari za mvua, kisha ningekata. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kwanza nikueleze kazi yetu, kwa sababu miaka yote umekuwa ukisema kwamba mumeo anapunga mikono na mimi nakalia kiti, kana kwamba tunalipwa kwa kucheza. Tunajenga wodi mpya za hospitali, ghorofa tisa. Mimi nakaa juu kabisa ya kreni, ndani ya kibanda cha vioo kisichozidi choo kwa ukubwa, na mumeo anasimama chini penye mzigo. Yeye ndiye mpiga ishara wangu. Siku nzima sauti yake iko sikioni mwangu kwa redio: kushoto kidogo, shusha, shusha tena, nusu mita, hapohapo baba. Redio ikizingua, anatumia mikono. Ishara ziko nyingi, ila nataka ushike mbili tu. Mikono yote miwili ikinyooshwa kando, viganja vikitazama chini, maana yake ni simama, usisogeze hata unywele. Mikono hiyohiyo ikikunjwa viwiko, viganja vikivuta kuelekea kifuani, maana yake ni lete, taratibu. Mumeo anazipiga safi mno, hata wenzetu wamempa jina la Trafiki.

Basi Alhamisi moja, wiki mbili zimepita sasa, betri ya redio yake ilikufa saa nne asubuhi nikiwa na fungu la mbao hewani. Akahamia kwenye mikono. Mzigo ule ulitakiwa usimame juu ya uwazi wa ngazi. Haukusimama, uliendelea kuja, ukagonga jukwaa la chuma, na mbao nane zikamwangukia seremala mmoja mtu mzima aliyekuwa ameinama kupima mlango. Mguu wake umevunjika mara mbili chini ya goti. Nilimsikia kutoka juu kule, Dada, na kule juu mtu husikii hata honi ya lori. Fomani akatutenganisha kila mtu na karatasi yake. Mimi niliandika sentensi moja: nilifuata ishara kama nilivyopewa. Mumeo aliandika kwamba alipiga ishara ya kusimama. Sasa hapo mmoja wetu ni mwongo au amechanganyikiwa, na ofisi imeona aliyechanganyikiwa ni yule aliyekuwa chini.

Kikao ni Jumanne hii. Wakimwona na kosa, watamnyang'anya cheti chake cha upiga ishara, wamrudishe nyumbani, na jina lake lipelekwe kwa kampuni nyingine kwamba mtu huyu nusura aue. Tangu siku ile kreni imesimama nasi tumeambiwa tukae chumbani. Hujawahi kuona mumeo katika hali hiyo. Alikuwa akisimama mbele ya kioo cha kabati anapiga ishara, simama, lete, simama, lete, kisha ananiuliza mimi niliye kitandani kama ziko sawa. Nilimwambia ziko sawa. Akaniuliza iwapo nina hakika kwamba Alhamisi ile alipiga lete. Nikamwambia, kaka, mambo yameshapita, kula kwanza. Hakula. Amepungua hadi saa inamzunguka mkononi.

Aliyetutoa chumbani ni mpishi wa kantini yetu, mama mmoja mnene wa haja, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ambaye kila siku yake ya mapumziko hupanda mlima peke yake na vipande vya mkate mfukoni. Alikuja Ijumaa akatukuta tumekaa kama watu waliofiwa. Akasema wanaume wawili wakikodoleana macho ndani ya chumba kimoja wiki mbili, mwisho watapigana kwa sababu ya soksi. Akasema majira haya ya joto ni mafupi huku, maua ya milimani hayangoji mtu, na kesho yake saa moja asubuhi tumsubiri kituoni tukiwa na makoti. Mumeo alikataa. Mama yule akasema hakuuliza.

Nami nilikuwa sitaki, Dada, na ningekuwa na akili ningejifanya naharisha. Lakini niliona mumeo ananyoa ndevu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, nikachukua koti langu.

Tulipanda kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya na kuvutwa hadi mgongoni mwa mlima. Hapo tulicheka kidogo, maana mumeo hakutazama mandhari hata dakika moja. Alikuwa anakagua magurudumu ya waya na kumwuliza mhudumu mara ya mwisho yalipakwa grisi lini. Mhudumu alimwambia aketi au ashuke. Mpishi akavunjika mbavu. Niliwaza, labda siku hii itakuwa njema.

Tuliposhuka tukaingia kwenye malisho ambayo sijui nikueleze vipi. Pande zote ni maua, mafupi, hayapiti kifundo cha mguu, yamejaa hadi unakosa pa kukanyaga: ya buluu, ya manjano, ya zambarau, na upepo baridi unapita juu yake ingawa jua linachoma shingo. Mpishi hajui majina ya vitabuni, ameyapa majina yake ya jikoni. Yale ya manjano anayaita mayai, ya zambarau vitunguu, na meupe madogo anayaita chumvi iliyomwagika. Mumeo alianza kuchagua mawili matatu, akayaweka ndani ya pasipoti yake ili yakauke akuletee. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nilimsikia akiimba kwa pua.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Njia ile haina ukingo wala kamba. Imechorwa tu alama nyekundu juu ya mawe, hapa moja, kule nyingine, na mwenye kutembea anazitafuta mwenyewe. Niliwaacha wao watangulie, nikawa nafuata sauti ya mabuti ya mpishi. Aligeuka akaniuliza mbona natembea kama nakwenda kuiba. Nikasema kifua. Mbele kidogo akasimama akatuonyesha mwambani, akasema kuna mbuzi wa mwitu na watoto wao, tuhesabu. Mumeo akasema sita. Mama akasema saba. Wakaniuliza mimi niamue, nikatazama muda mrefu, nikasema saba, na kijasho chembamba kikanitiririka mgongoni katika baridi ile.

Karibu na saa sita tulifika kwenye ukingo wa bonde, na ng'ambo yake ndipo ulipo mto wa barafu. Unasikia mtu anasema mto wa barafu unafikiri ni kitu cha kwenye jokofu. Dada, ni mlima mzima wa barafu uliojimwaga kati ya milima mingine, na unatembea, ila polepole kiasi kwamba huuoni. Unausikia. Tulikuwa tumekaa kwenye miamba tunakula mkate, ukapasuka mahali fulani ndani yake, mlio kama mlango mkubwa wa chuma umebamizwa, na mwamba tulioukalia ukatikisika. Mpishi akasema huwa hivyo, ni mchana wa joto, kila kitu kinayeyuka. Alilisema kwa kutuliza. Nikasema turudi. Mumeo akaniambia mtu anayekaa mita sitini hewani kila siku hana haki ya kuogopa sauti.

Njia ya kurudi inazunguka, na inakatiza korongo moja ambalo theluji ya mwaka jana ilikuwa bado imelala ndani yake, kama daraja pana, jeupe, chafuchafu. Chini ya theluji hiyo unapita mto unaotoka kwenye barafu. Huuoni, unasikia ngurumo tu, na ngurumo yenyewe ni kubwa hata ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii. Kulikuwa na nyayo za watu wengine zimekatiza. Upana wake nakadiria hatua themanini. Mumeo, ndivyo alivyo, akatuonyesha kwa kidole kwamba tubaki, akavuka yeye kwanza, akijaribu kila hatua kwa fimbo. Akafika. Akapanda mawe ya upande ule hadi akawa anaitazama theluji kutoka ubavuni.

Sasa alichokiona yeye kutoka pale, alinieleza baadaye, ni kwamba theluji ilikuwa imeliwa yote kwa chini. Ilibaki ganda tu, unene wa godoro, na chini yake shimo jeusi kama mdomo wa tanuri na maji yanapiga. Alipoona hivyo akageuka akanyoosha mikono yote miwili kando, viganja chini. Alisimama hivyo bila kutikisika, kama anavyosimama kazini.

Mpishi hajui ishara zetu. Alinishika mkono akaniuliza kwa kunipayukia sikioni, mwenzako anasema nini. Nikatazama kule. Kisha nikamwambia mama wa watu kwamba anasema njoo, taratibu, mmoja mmoja.

Akaenda.

Alifika katikati. Sikusikia chochote kwa sababu ya ile ngurumo. Niliona tu kitu cha rangi ya chungwa, koti lake, kinakuwa kifupi. Ganda lilikuwa limekatika, naye ametumbukia hadi makwapani, miguu yake inaning'inia ndani ya lile shimo na maji yanamvuta mabuti. Amejizuia kwa mikono aliyoitandaza juu ya theluji na kwa mfuko wake wa mgongoni uliokwama. Nilijua nifanye nini na sikufanya. Mumeo ndiye aliyekuja, akilizunguka shimo kwa ukingo wa juu wa theluji hadi upande wangu. Alilala kifudifudi akajiburuza kwa tumbo juu ya ganda lile lile lililokuwa likikatika, akasukuma fimbo mbele, akamshika mama mikanda ya mfuko, akavuta. Mama ana uzito wake, hilo halifichiki. Alivuta hadi bega likatoka, na bega lilipotoka hakuachia. Mimi nilijiburuza mwishoni, nimechelewa, nikamshika mumeo vifundo vya miguu, na sote watatu tukarudi nyuma kidogo kidogo hadi kwenye mawe. Dakika chache baadaye kipande kizima pale katikati kikaporomoka chenyewe, na sauti ile hata ngurumo haikuifunika.

Tulikaa juu ya mawe. Mpishi alikuwa amelowa hadi kiunoni, meno yanagongana, nasi tukamfunika makoti yote. Mwanamke yule anayecheka hata supu ikiungua, alikuwa analia kwa sauti ndogo anamtaja binti yake. Hatimaye tulipanda juu ya korongo, mbali kidogo na kelele, na mumeo akaniuliza, sauti kavu kabisa, mkono umening'inia. Aliniuliza yeye alipiga ishara gani.

Nilikuwa na nafasi pale, Dada. Nikamwambia alipiga lete.

Hakubisha. Aliinua ule mkono mmoja unaofanya kazi akautazama, huku na huku, kama si wake. Akamwomba mpishi msamaha. Akasema basi na Alhamisi ile ni kweli, kichwani anasema simama na mikono inasema lete, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kusimama mahali popote penye watu. Alisema anamshukuru Mungu kwamba seremala hakufa. Kisha tukateremka kwa njia ndefu, saa nne nzima, kati ya yale maua, hakuna aliyeyatazama.

Leo asubuhi amechukua karatasi akaandika kwa mkono wa kushoto kwamba kosa ni lake, la Alhamisi, na kwamba liko kosa la pili la mlimani kuthibitisha. Amechora mstari chini yake niweke sahihi yangu kama shahidi. Anataka kuitoa mwenyewe Jumanne kabla hawajamwuliza. Saa saba ametoka kwenda zahanati kubadilisha kitambaa cha bega, mpishi amemsindikiza. Karatasi yake iko hapa mezani kando ya hii ninayokuandikia.

Dada, mumeo hajakosea hata mara moja. Mimi ndiye nisiyeona.

Ilianza mwaka jana, jicho la kushoto. Fremu za milango zilipinda katikati. Baadaye likaja doa, na sasa doa liko macho yote mawili. Nikimtazama mtu usoni, uso unafutika, nabaki na masikio na kola ya shati. Pembeni naona vizuri tu, ndiyo maana sigongi meza na hakuna aliyeshtuka. Unamkumbuka Baba alivyoanza? Alikuwa akigeuza shingo kama kuku kila anapotaka kukutazama, nasi tukamcheka, wewe ukamwigiza hadi Mama akatuchapa. Mimi sasa nageuza shingo hivyohivyo. Barua hii naiandika kwa kutazama kando ya kalamu, na herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza.

Miezi saba iliyopita nilitumia siku yangu ya mapumziko kwenda kwa daktari wa macho mji wa pili, nisikojulikana. Akasema ni ugonjwa wa ukoo, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, ila ukiwahiwa kwa wengine unaweza kucheleweshwa. Aliniuliza kuhusu wazazi nikamweleza habari za Baba na miaka yake kumi na moja ya kukaa ukutani akingoja tumshike mkono. Akaniagiza, siyo kuniomba, niwaambie ndugu zangu wa damu wakapimwe, wao na watoto wao. Ndugu yangu wa damu ni wewe peke yako. Nimekaa na ujumbe wako miezi saba. Kila nilipotaka kukwambia niliona kwamba nikikwambia wewe nimemwambia mumeo, na nikimwambia mumeo nimeshuka kwenye kreni kwa mara ya mwisho.

Utauliza nilipitaje vipimo vya kampuni. Muuguzi huacha mlango wazi, nasi tunapanga foleni ukutani. Nilijiweka wa mwisho, nikawasikiliza watu kumi na mmoja wakisoma ubao uleule. Zamu yangu ilipofika nikausoma wote kwa kichwa, na nikajifanya kusita kwenye herufi moja ya mstari wa chini ili ionekane kweli. Muuguzi akanisifu kwa macho makali. Nilitoka pale natabasamu, mjinga mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikiendesha kwa masikio. Sauti ya mumeo ndiyo iliyokuwa macho yangu, na yeye mwenyewe hakujua. Tani mbili, tani tatu, juu ya vichwa vya watu, miezi saba. Betri ilipokufa Alhamisi ile, nilichungulia chini nikaona fulana yake ya njano bila mikono. Nilipaswa kusimamisha kila kitu. Lakini kusimama bila sababu ni kuulizwa sababu, kwa hiyo nikabahatisha. Na jana kwenye korongo niliona kijiti cheusi juu ya mawe, nikaona aibu kumwambia mama yule sioni, nikabahatisha tena. Sikuona mikono yake, si iliyonyooshwa wala iliyokunjwa. Ningeweza kusema hivyo tu, sioni, neno moja, na asingekanyaga ile theluji. Nilimtuma mwanamke wa watu kwenye shimo kwa sababu ya aibu yangu, kisha nikamtupia lawama mtu aliyetuokoa.

Naogopa, Dada. Naogopa kikao, naogopa seremala nitamtazama kwa uso gani, naogopa ule ukuta wa Baba. Kukuogopa wewe ndiko kunakozidi, maana ulinikabidhi mumeo mlangoni kwako mbele ya watoto. Nimepanga kusimama Jumanne saa mbili asubuhi niseme yote. Ila nimekuwa nikipanga kusema tangu siku ile ya kwanza, na kila nilipofungua mdomo yametoka mengine. Ndiyo maana nakuandikia kabla. Barua itakufikia yapata Ijumaa. Mpigie mumeo kwanza, usinipigie mimi, umwulize kikao kimesemaje. Akikwambia kosa limewekwa juu yake, basi ujue nimenyamaza tena. Usinihurumie kwa kuwa ni mdogo wako. Nyuma ya ukurasa huu nimeandika anwani ya ofisi na namba yangu ya kazi. Wapelekee kurasa zote.

Wasalimie wapwa zangu mmoja mmoja, mwambie yule mdogo mjomba hajasahau filimbi yake. Msalimie na jirani. Kula vizuri, usibebe ndoo. Nakuomba msamaha, na sikuombi unipe leo.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeninywesha uji kwa kijiko.

Nimemsikia ngazini sasa hivi, anapanda polepole kwa ajili ya bega. Nilikuwa nimeinua godoro niifiche barua hii. Nimelishusha. Nitampa asome yeye kwanza.

Mama watoto, ni mimi. Samahani kwa mwandiko, ni mkono wa kushoto, na samahani kwa habari ya bafu. Nimesoma mara mbili. Yeye amekaa kitandani, mimi niko mlangoni. Nimeinua mkono nikamwuliza ni vidole vingapi, akaniuliza vidole gani. Ile karatasi yangu nimeichana. Hii naitia posta mwenyewe kesho asubuhi. Sijui kama nitamsamehe, usiniulize kwenye simu. Jumanne nitakwenda naye, maana ile ofisi iko ghorofani na ngazi zake ni mbaya. Wewe usingoje chochote. Siku hiyohiyo unayosoma hapa, nenda kapimwe macho, wewe na watoto wote.